Vitabu vya watoto viacheni vichakae

UBAO NA CHAKI
Na Halima Mbonde

Shule nyingi za msingi nilizozitembelea zina kabati la chuma ofisini kwa mwalimu mkuu. Ndani yake, nyuma ya mafaili na maboksi ya chaki, kuna vitabu vya hadithi. Vinang'aa. Kurasa bado zimeshikana, na ukivifungua unasikia harufu ya wino. Vililetwa na mradi, vikapokelewa kwa hotuba na picha, vikaandikwa kwenye leja, vikafungiwa. Watoto waliokusudiwa kuvisoma wako darasani, hatua chache tu kutoka hapo, wanaimba ba, be, bi, bo, bu wakitazama ubao.

Simlaumu mwalimu mkuu. Kitabu kikishaingia kwenye leja ni mali ya serikali, na kikipotea wa kuandika barua ya kujieleza ni yeye. Wakaguzi, ambao siku hizi tunawaita wathibiti ubora, wakifika watavihesabu. Ni nadra kuuliza vimesomwa na nani. Katika hali hiyo, mtu mwenye akili zake atafunga kabati na kutembea na ufunguo. Utaratibu wetu unamlinda anayeficha vitabu na kumtia mashakani anayeviazimisha, halafu tunakaa kwenye semina kujiuliza kwa nini watoto hawapendi kusoma.

Linaniuma zaidi kwa sababu hatua ya kwanza tumeihangaikia kweli. Tathmini za usomaji za mpango wa Uwezo, zilizoanza kufanyika nyumba kwa nyumba hapa Tanzania mwaka 2010, zilitushtua: karibu wanafunzi 7 kati ya 10 wa darasa la tatu walishindwa kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2015 ukaja mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili, masomo yakapunguzwa, mkazo ukawekwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Walimu wakanolewa upya, waanze na sauti ya herufi badala ya jina lake. Mwaka uliofuata elimu bila ada ikaanza na madarasa yakafurika. Mwalimu aliyewafundisha watoto mia na zaidi kutambua silabi katika chumba kimoja amefanya kazi ambayo wengi wetu tusingeiweza hata kwa wiki moja.

Lakini akishaifanya, tunamwachia mtoto nini cha kusoma?

Muhula uliopita nilikaa dawati moja na mvulana wa darasa la pili. Alinisomea ukurasa mzima wa kitabu chake cha kiada bila kukwama, macho yakiwa dirishani. Nikafunua ukurasa mwingine; akaendelea na maneno yale yale ya ukurasa wa kwanza. Alikuwa amekariri. Nikamwandikia kwenye daftari sentensi fupi: Mama hakumwambia Juma. Neno Mama alilisoma mara moja. Kisha kidole kikasimama. Ha. Ku. Mwa. Akarudi mwanzo. Ha. Ku. Mwa. Mbi. A. Alipomfikia Juma alishatoka jasho puani, na nilipomuuliza ni nani ambaye hakumwambia Juma, alinitazama tu. Mama alishamsahau.

Mtoto huyo si mzito wa kuelewa, na mwalimu wake si mvivu. Kiswahili kimetupa neema ambayo mtoto wa Kiingereza haijui: karibu kila kinachoandikwa kinatamkwa kilivyoandikwa. Ukishazishika silabi, hakuna neno litakalokushinda kulitamka. Ila maneno yetu ni marefu. Aliyetenda, aliyetendewa, wakati na ukanushi, vyote tunavifunga ndani ya neno moja. Msomaji mzoefu halihesabu silabi neno hilo, analitambua kwa kulitupia jicho. Na utambuzi huo hautoki ubaoni. Unakuja kwa kukutana na hakumwambia, hakumpa, hakumwona katika hadithi hii na ile, tena na tena, akili ikiwa inafuatilia fisi atamfanya nini sungura. Kitabu kimoja cha kiada hakiwezi kuifanya kazi hiyo. Kikirudiwa vya kutosha kinaingia kichwani kizima, kama kilivyoingia kwa mvulana yule, na macho yanabaki huru kutazama nje.

Kwa hiyo wanaoziona hadithi kuwa starehe ya baada ya masomo wamekosea mahali pa msingi kabisa. Ninawasikia wazazi majumbani: mtoto amejikunja pembeni na kitabu cha hadithi, anaambiwa, "Acha hadithi, kasome." Mzazi ana nia njema, anauogopa mtihani. Lakini mtihani wenyewe umeandikwa, na anayesoma polepole kengele humkuta katikati ya swali analolijua.

Wapo pia watoto wanaoingia darasa la kwanza wakiwa na Kisukuma, Kigogo au Kimaasai, na Kiswahili ndiyo kwanza wanakisikia kwa mwalimu. Hao wanahitaji kusomewa kabla ya kudaiwa kusoma. Nimemwona mwalimu mmoja akifanya hivyo kila siku baada ya mapumziko. Anasimama mbele na kitabu kimoja, anakigeuza ili picha ionekane hadi nyuma, anasoma taratibu, na kabla ya kufunua ukurasa anauliza, "Mnadhani sasa atafanyaje?" Mikono inapaa. Kipindi kikiisha watoto wanaizunguka meza yake wakitaka kukishika kile kitabu. Halikuhitajika fungu la bajeti wala semina, ila kitabu kimoja na dakika kumi na tano. Vitabu vingine amevitundika kwa vibanio vya nguo kwenye kamba iliyovuka ukuta, usawa wa mkono wa mtoto. Vimekunjika pembe. Vingine vina alama za vidole vyenye mafuta ya maandazi. Sijaona maktaba ya shule iliyonifurahisha kuliko kamba ile.

Hatukosi mifano ya mambo yakifanywa kwa upana. Wenzetu wa Kenya walipoanza mpango wa Tusome nchi nzima mwaka 2015, walihakikisha kila mtoto wa madarasa ya mwanzo anakuwa na kitabu chake mkononi. Hapa kwetu, Mradi wa Vitabu vya Watoto uliozaliwa mwaka 1991 ulinunua vitabu vya Kiswahili kwa wachapishaji wa hapa hapa na kuvigawa shuleni, na waandishi kama Elieshi Lema wameandika kwa ajili ya watoto wetu kwa miaka mingi. Hadithi zipo, na wasimulizi tunao. Kinachokwama ni safari ya kitabu kutoka ofisini hadi darasani, na safari hiyo ni fupi mno kuweza kutushinda.

Kitabu cha mtoto kinachopita mikono sabini kwa mwaka kitachanika. Lazima. Kikichanika kwa kusomwa kimeitumikia fedha ya umma ipasavyo, na leja iwe na safu ya kuandika hivyo bila mtu kuitwa kujieleza. Kitabu cha kutilia shaka ni kile kilichokaa miaka mitano na bado kinanukia wino.

Nalisema sasa kwa sababu vitabu vingine vinakuja. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, imeshaongeza kipengele cha hadithi za watoto, na Serikali imesema itavichapisha vitabu vya washindi na kuvisambaza shuleni. Ni jambo jema, ninalipongeza kwa moyo wote. Naiomba TAMISEMI, inayosimamia shule zetu za msingi, iambatanishe na maboksi hayo waraka wa ukurasa mmoja: vitabu vya hadithi vikae madarasani, watoto waruhusiwe kwenda navyo nyumbani, na mwalimu mkuu asidaiwe kitabu kilichochakaa kwa kusomwa. Na Afisa Elimu Kata akifika shuleni, kabla ya leja aombe kwanza daftari la kuazima, alisome majina.