Tabo zapanda Mlima Kenya, ujuzi wa oili wabaki bandarini

KWA miaka mingi mwenye gari mjini Nyeri hakuwa na haja ya kuumiza kichwa kuhusu oili. Gari lilikuwa Toyota au Nissan yenye injini ya kawaida, oili ilikuwa ile nzito iliyozoeleka na fundi, na chujio lilibadilishwa siku lilipopatikana kwa bei nafuu. Injini hizo zilikuwa na subira ya punda. Zilipigwa na vumbi la Kieni na matope ya Othaya, zikanyweshwa chochote kilichokuwa kwenye debe, na bado zikaamka asubuhi.

Zama hizo zinaelekea ukingoni, na mabadiliko yenyewe hayakuanzia Nyeri. Watengenezaji wa magari wa Japani na Ulaya, wakibanwa na sheria za moshi na matumizi ya mafuta, walipunguza ukubwa wa injini, kisha wakafidia nguvu iliyopotea kwa kutumia tabo, yaani kile kifaa kinachozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini ili kusukuma hewa zaidi ndani yake. Kenya nayo hairuhusu kuingizwa nchini kwa gari lililozidi miaka minane tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza. Hivyo, lililokuwa gari jipya mjini Nagoya miaka saba iliyopita ndilo linalopanda leo barabara ya Kenol–Sagana–Marua likiwa na nambari mpya za usajili.

Ushuru umeongeza msukumo. Mwaka 2023 ushuru wa forodha kwa magari ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi asilimia 35. Juu ya huo hutozwa ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini: asilimia 20 kwa injini isiyozidi sentimita 1,500 za ujazo, asilimia 25 kwa iliyo kubwa kuliko hiyo, na asilimia 35 kwa injini za petroli zinazozidi 3,000 na za dizeli zinazozidi 2,500. Mnunuzi anayejua hesabu huona haraka faida ya injini ndogo yenye tabo, kwa kuwa hupata nguvu ya injini kubwa kwa ushuru wa injini ndogo. Ndiyo maana Volkswagen Golf yenye injini ya lita 1.4, Mazda Demio ya dizeli na Mazda CX-5 ya dizeli ya lita 2.2 si vitu vya ajabu tena Karatina, Kerugoya, Embu wala Nanyuki.

Tatizo ni kwamba gari limefika bila elimu yake. Kitabu cha maelezo kilichomo ndani ya gari lililotoka Japani kimeandikwa kwa Kijapani. Hata kibandiko kidogo ambacho fundi wa kule huacha mlangoni, kikionyesha tarehe na kilomita za kubadilisha oili, hubaki pambo tu. Aliyelinunua kwa malipo ya kahawa, bonasi ya majani chai au mkopo wa chama cha akiba huishia kumwuliza muuzaji wa duka la vipuri ni oili gani inafaa, na mara nyingi jibu hutegemea ile iliyopo rafuni.

Ili kuelewa hatari iliyopo, ni muhimu kufahamu kazi inayofanywa na oili ndani ya tabo. Mhimili wa kifaa hicho huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Upande mmoja hupigwa na moshi ambao katika injini ya petroli unaweza kukaribia nyuzi 1,000 za Selsiasi. Kinachotenganisha mhimili huo na beringi zake ni utando mwembamba wa oili, na oili hiyo hiyo ndiyo hubeba sehemu kubwa ya joto na kuliondoa. Oili ikikosekana kwa sekunde chache, ikichafuka, au ikiungua na kuganda kuwa makaa, tabo huanza kupiga mluzi, kisha kutoa moshi wa buluu, na hatimaye kufa. Bei ya tabo mpya huweza kuzidi mara nyingi gharama ya oili ya mwaka mzima.

Eneo la Mlima Kenya huongeza uzito wa jambo hili. Nyeri imeinuka takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari na Nanyuki karibu mita 1,950. Katika miinuko hiyo shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano likilinganishwa na Mombasa. Injini ya kawaida hupoteza nguvu tu na kutulia. Yenye tabo haikubali kushindwa: tabo huzunguka kwa kasi zaidi ili kufidia hewa iliyopungua, na hufanya hivyo wakati gari likiwa limebeba mzigo na kupanda kutoka Sagana kuelekea Nyeri, mwinuko wa zaidi ya mita 500. Katika mwongozo wake wa jumla kwa madereva wa Japani, kampuni ya Toyota hupendekeza oili ya injini ya petroli yenye tabo ibadilishwe kila kilomita 5,000 au miezi sita, na kila kilomita 2,500 au miezi mitatu iwapo gari linatumika katika mazingira magumu. Miongoni mwa mazingira hayo magumu imetajwa barabara ya milimani. Wapo madereva wa Nyeri wanaosubiri kilomita 10,000 kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye debe.

Kuhusu uteuzi wenyewe, kosa linaloenea zaidi ni kudhani kwamba oili nzito ndiyo bora. Katika alama kama 5W-30, tarakimu ya kwanza hueleza jinsi oili inavyotiririka katika baridi na ya pili uzito wake injini ikiwa na joto. Oili ya 15W hupimwa katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sufuri, kiwango ambacho hakiwezi kufikiwa mjini Nyeri hata katika Julai yenye ukungu. Kwa hivyo anayeuza 0W kwa hoja kwamba mlimani kuna baridi anauza hofu. Hata hivyo, oili nyepesi hufika kwenye tabo haraka zaidi injini inapowashwa alfajiri, na injini za kisasa zimetengenezwa zikiwa na njia nyembamba za oili zinazoutarajia wepesi huo. Kumwaga 20W-50 ndani ya injini iliyoandikiwa 5W-30 ni sawa na kumlazimisha mtoto anywe uji kwa mrija wa soda.

Lakini uzito si nusu ya habari. Alama zinazopaswa kusomwa kwanza ni zile za ubora, na kwa kawaida huchapishwa kwa herufi ndogo nyuma ya debe. Taasisi ya Petroli ya Marekani (API) hutumia herufi S kwa injini za petroli na C kwa za dizeli, na kadiri herufi ya pili inavyosonga mbele ndivyo oili ilivyo ya kizazi kipya. Daraja la SP, lililoanza mwaka 2020, lina maana ya pekee kwa tabo za petroli: lilitungwa pamoja na mambo mengine ili kuzuia petroli kulipuka kabla ya cheche wakati injini inapobebeshwa mzigo ikiwa katika mzunguko mdogo. Mlipuko huo huweza kuvunja pistoni. Dereva anayepanda mlima kwa gia kubwa huku injini ikinguruma chini chini ndiye hasa anayeukaribisha. Magari ya Ulaya yana masharti ya ziada. Volkswagen na Mercedes-Benz hutoa nambari zao za idhini, na debe lisilo na nambari hiyo halifai hata kama jina lake ni maarufu.

Mazda za dizeli zinastahili kuangaliwa peke yake kwa sababu hukanusha busara ya zamani. Zina chujio la masizi kwenye njia ya moshi, na masizi hayo huchomwa kwa kunyunyiza dizeli ya ziada wakati gari linaendeshwa. Zoezi hilo huhitaji safari ndefu kiasi. Gari linalotoka Kamakwa hadi katikati ya mji, likazimwa, kisha likarudi jioni, halimalizi kazi hiyo, na sehemu ya dizeli hupenya kando ya pistoni na kuingia kwenye oili. Hapo kiwango cha oili hupanda badala ya kushuka. Mwenye gari hukagua kijiti, akafurahi kwamba injini yake "haili oili", kumbe anatazama oili iliyotiwa maji ya moto ya dizeli. Mazda iliweka alama ya X juu ya kijiti hicho kwa sababu hii hii: oili ikiikaribia, ibadilishwe bila kusubiri kilomita. Aidha, oili yake lazima iwe ya majivu machache, ya daraja la DL-1 la Japani au la C3 la Ulaya, la sivyo chujio la masizi litaziba mapema.

Kuna kisa cha pili kinachowahusu wenye matatu na Prado. Injini ya dizeli ya 1KD-FTV ya lita tatu, iliyotumika katika Toyota HiAce, Hilux na Prado, ina vizibo vya shaba chini ya nozeli. Vinapochakaa, moshi wa mwako huvuja na kuingia kwenye oili na kuigeuza tope jeusi. Tope hilo huziba kichungi kidogo kilicho ndani ya sampu, pale pampu inapofyonzea oili. Tabo huwa ya kwanza kuathirika. Kumwaga oili nyingine ya bei kubwa hakutibu ugonjwa huu. Sampu hufunguliwa, kichungi kikasafishwa na vizibo vikabadilishwa. Gereji nyingi hubadilisha tabo, hukabidhi gari, na baada ya miezi michache tabo mpya hufa kifo kile kile.

Tukija kwenye chujio la oili, ambalo wengi huliita filta, udanganyifu ni rahisi kwa sababu ndani hakuonekani. Chujio halali lina vali inayozuia oili kurudi chini injini inapozimwa, ili asubuhi tabo isisubiri. Lina vali nyingine inayofunguka karatasi inapoziba, kwa kuwa oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili kabisa. La bandia huweza kuwa na kopo zuri la rangi, karatasi chache na vali isiyofanya kazi. Kubadilisha oili na kuliacha chujio kuukuu, tabia iliyoenea mno, ni kuchanganya oili mpya na uchafu wa zamani tangu dakika ya kwanza.

Chujio la hewa hudharauliwa zaidi. Kwenye barabara za vumbi za Kieni na Laikipia, vibanda vya kuoshea magari hulipuliza kwa hewa ya kompresa na kulirudisha. Nguvu ya hewa hiyo hupanua matundu ya karatasi, na chembe za mchanga zinazopenya hula mapanga ya tabo taratibu. Kulikung'uta kidogo si dhambi, ila karatasi ikishachafuka ndani, dawa yake ni kununua jingine.

Uendeshaji nao una sehemu yake. Magari ya kubeba miraa kutoka Maua hukimbia kwa kasi ya kutisha hadi Nairobi, na pengine huzimwa papo hapo yanapofika. Oili iliyosimama ndani ya tabo yenye joto kali huungua. Dakika moja au mbili za kuacha injini ikinguruma polepole zingetosha.

Swali la bidhaa ghushi haliwezi kuachiwa mnunuzi pekee. Sheria ya kupambana na bidhaa hizo ilipitishwa mwaka 2008, na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) humwezesha mnunuzi kuhakiki nambari ya kibali kwa ujumbe mfupi kupitia 20023. Lakini debe halali likitupwa zima baada ya kutumika, huweza kujazwa oili chakavu iliyochujwa na kurejeshwa sokoni likiwa na alama zake zote. Mwenye gari anayelitoboa debe lake gerejini amefanya kazi ambayo msako wa mara moja kwa mwaka hauwezi.

Serikali hulikagua gari kabla halijasafirishwa, hupima umri wake, na hutoza ushuru kwa ukubwa wa injini yake. Katika hatua zote hizo hakuna anayedai mwagizaji amkabidhi mnunuzi ukurasa mmoja, kwa Kiswahili au Kiingereza, unaotaja daraja la oili, uzito wake, aina ya chujio na muda wa kubadilisha. Sharti hilo halingehitaji ushuru mpya. KEBS ina ofisi ya kanda mjini Nyeri, na mji huo huo una chuo kikuu cha teknolojia cha Dedan Kimathi na taasisi ya kitaifa ya ufundi anuwai, ambako mafundi wa gereji za Karatina na Chaka wangeweza kupewa kozi fupi za jioni kuhusu injini hizi. Ukurasa huo ungetosha kubandikwa mlangoni, kando ya kibandiko cha Kijapani.