Wanaojitolea mbioni wasifanywe watu wa shokoa

Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Oktoba, jiji la Nairobi hufunga baadhi ya barabara zake ili kuwapisha maelfu ya wakimbiaji wa mbio za marathoni zilizoanzishwa mwaka 2003. Mwezi wa Juni huwa ni zamu ya Lewa, ambako tangu mwaka 2000 watu wamekuwa wakikimbia ndani ya hifadhi ya wanyama huku askari wa wanyamapori wakiilinda njia. Eldoret nayo ilijiunga na msafara huo mwaka 2018. Kesho yake magazeti hujaa majina ya washindi, muda waliotumia na vitita walivyotia kibindoni. Ni nadra mno kuona hata sentensi moja inayomtaja kijana aliyesimama njia panda tangu alfajiri akiwaelekeza wakimbiaji, au yule aliyemimina maji vikombeni hadi mikono ikafa ganzi.

Kijana huyo hakulipwa. Alijitolea. Mara nyingi yeye ni mwanafunzi wa chuo, skauti, au mwanachama wa kikundi cha huduma ya kwanza. Kwa kuwa shule na vyuo ndivyo visima wanamochotwa vijana hawa, suala la jinsi wanavyotendewa ni suala la walimu na wanafunzi kabla halijawa la waandalizi wa mbio. Je, anayejitolea anastahili nini?

Kabla ya kulijibu swali hilo, inafaa tuelewe uzito wa kazi yenyewe. Marathoni ni mwendo wa kilomita 42 na mita 195, na kwa kawaida vituo vya vinywaji huwekwa kila baada ya kilomita 5 hivi. Hebu tuseme wapo wakimbiaji 20,000, na kila mmoja achukue kikombe kimoja tu katika kila kimojawapo cha vituo vinane. Hivyo ni vikombe 160,000 ambavyo sharti vijazwe, vipangwe mezani, vinyoshwe kwa mkono na hatimaye viokotwe barabarani. Aidha, wapo wanaogawa nambari za kifuani siku zilizotangulia, wanaotunza mizigo, wanaozuia magari, wanaowabeba waliozirai na wanaowavisha nishani waliomaliza. Mbio za New York, ambazo sasa humalizwa na watu zaidi ya 50,000, hutegemea watu wapatao 10,000 wa kujitolea. Maana yake ni kwamba kwa kila wakimbiaji watano kuna mtu mmoja anayewahudumia bila mshahara.

Umuhimu wa watu hawa hudhihirika hasa mambo yanapokwenda mrama. Mnamo tarehe 7 Oktoba 2007, mbio za Chicago ziliangukia siku ya joto kali lililokaribia nyuzi 31. Mkenya Patrick Ivuti alimshinda Jaouad Gharib wa Moroko kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini nyuma yao hali ilikuwa ya kusikitisha. Wakimbiaji wengi walilalamika kwamba walifika vituoni wakakosa maji. Mamia walihitaji matibabu, mmoja akafariki, na waandalizi wakalazimika kuzisimamisha mbio zaidi ya saa tatu baada ya kuanza. Tukio hilo lafaa kumfunza kila mwandalizi kwamba maji yaliyo ndani ya pipa hayamfai mwenye kiu. Baina ya pipa na mkono wa mkimbiaji sharti awepo mtu, naye awe ameandaliwa vyema na wa kutosha kwa idadi.

Vivyo hivyo, mnamo tarehe 15 Aprili 2013, mabomu mawili yalipolipuka karibu na utepe wa mwisho wa mbio za Boston, watu watatu waliuawa na zaidi ya 260 wakajeruhiwa. Wauguzi na madaktari waliokuwa wamejitolea kuwatunza wakimbiaji wenye misuli iliyokaza walijikuta wakifunga mishipa inayovuja damu. Hapana mkataba wa kazi uliowataka wafanye hivyo.

Hata mashujaa wetu wanadaiwa na watu wa aina hii. Eliud Kipchoge alipoivunja rekodi ya dunia mjini Berlin mwaka 2018 kwa muda wa saa 2, dakika 1 na sekunde 39, chupa zake za kinywaji alikuwa akipewa na mhandisi mmoja wa Kijerumani aliyejitolea. Bwana huyo, ambaye alikuwa amehudumu katika mbio hizo kwa miaka mingi, aliendesha baiskeli kutoka kituo hadi kituo ili amtangulie bingwa. Kila chupa ilipopokewa bila kuanguka alirusha mikono na kushangilia kana kwamba ameshinda yeye. Mwaka 2022 Kipchoge aliivunja tena rekodi hiyo papo hapo Berlin, na bwana yule alikuwepo na chupa zake. Dunia nzima ilimcheka kwa mapenzi, na nadhani ilimcheka kwa sababu ilitambua kitu adimu, yaani furaha ya mtu atoaye bila kudai. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Basi wenzetu huwatuza vipi watu hawa? Njia ni nyingi. Huko New York, mwanachama wa chama cha wakimbiaji akishiriki mbio tisa zilizoidhinishwa na kujitolea katika mbio moja, hupata nafasi ya hakika katika marathoni ya mwaka unaofuata bila kutegemea bahati nasibu. Huko Boston hupewa koti maalumu ambalo wengi hulivaa kwa fahari miaka nenda miaka rudi. Ziko pia mbio ambazo waandalizi hutoa mchango kwa shule au klabu iliyosimamia kituo cha maji, ili timu ya shule inunue jezi au bendi inunue tarumbeta. Kuna hata mbio zisizo na mshahara wala kiingilio. Parkrun, iliyoanzishwa katika bustani ya Bushy Park mjini London mwezi wa Oktoba 2004 na wakimbiaji 13 tu, ni mbio za kilomita 5 za kila Jumamosi. Hakuna anayelipa, hakuna anayeshinda fedha, na wanaokimbia leo ndio wanaoombwa kushika saa wiki ijayo. Katika utaratibu kama huo hapana mnung'uniko, maana hapana anayevuna jasho la mwenzake.

Mnung'uniko huanza pale mbio zinapogeuka biashara ilhali anayejitolea anabaki kuwa yule yule. Mwaka 1970 mbio za New York zilikuwa na watu 127 walioanza, 55 wakamaliza, na ada ilikuwa dola moja. Siku hizi ada imepita dola 200, na wadhamini hugombania nafasi ya kuchapisha majina yao kwenye kila utepe. Nchini Marekani sheria ya viwango vya kazi ya mwaka 1938, jinsi inavyofasiriwa na wizara ya kazi ya nchi hiyo, hairuhusu kampuni ya kibinafsi inayotafuta faida kumtumikisha mtu bure kwa jina la kujitolea. Mwaka 2014 mtu mmoja aliyekuwa amejitolea katika mbio za mji wa St. Louis aliishtaki kampuni iliyoziandaa. Alidai kwamba ilitumia majina ya mashirika ya hisani kuwavuta watu wafanye kazi ambayo kwa haki ingelipiwa. Swali aliloliuliza linafaa kuulizwa hapa kwetu pia: faida ya jasho hili inamwendea nani?

Waandalizi wetu wana jibu tayari. Watasema kwamba mbio zao si za faida bali ni za kuchangisha fedha za kuwasaidia wasiojiweza. Ni kweli kwamba mbio nyingi nchini zina lengo hilo. Mbio za Nairobi, kwa mfano, kwa miaka mingi zilichangisha fedha za kupambana na upofu unaoweza kuzuilika, jambo ambalo ni la kusifiwa na kila mwenye utu. Hata hivyo, tutazame vizuri. Aliyechapisha fulana hulipwa. Mwenye mahema hulipwa. Mwenye vipaza sauti, mwenye mitambo ya kupimia muda na mwanamuziki anayetumbuiza uwanjani wote hulipwa. Washindi hupewa fedha, na mdhamini huvuna sifa ambayo angeigharimia pesa nyingi kama angeitafuta kwa matangazo. Hapana anayewaambia hawa kwamba kwa kuwa shughuli ni ya hisani basi wajilipie nauli. Kwa nini hisani hiyo idaiwe kikamilifu kutoka kwa mwanafunzi peke yake, ambaye mfuko wake ndio mwembamba kuliko yote?

Wapo watakaosema kwamba tukianza kuhesabu posho, moyo wa kujitolea utakufa. Hoja hiyo ina uzito, nami sipendekezi mshahara. Akilipwa mshahara atakuwa kibarua, na kazi ya kibarua ina masharti yake. Ninachosema ni kwamba ujira ni kitu kimoja na heshima ni kitu kingine. Kumrudishia kijana nauli aliyoitumia si kumlipa. Ni kuhakikisha kwamba hakutozwa ada ya kusaidia. Kumpa staftahi, maji, kofia na koti la mvua si kumhonga. Kumkatia bima ya siku moja, ikiwa atasimama kwenye barabara ya magari, ni wajibu wa kibinadamu. Kumfunza kazi yake mapema ni kumlinda yeye na mkimbiaji. Tena, cheti anachopewa kisiwe karatasi tupu isemayo kwamba alishiriki, bali kieleze alifanya kazi gani na kwa saa ngapi, ili kimfae siku atakapotafuta ajira.

Kwetu sisi jambo hili lina historia inayotutaka tuwe macho. Wazee wetu waliujua msaragambo, ambapo jirani humsaidia jirani akijua kwamba kesho zamu itakuwa yake. Baadaye ukoloni ulileta shokoa, machifu wakapewa uwezo wa kuwatoa watu majumbani wakachimbe barabara bila malipo. Kwa macho kazi hizi mbili zilifanana, kwani jembe lilikuwa lile lile na udongo ule ule. Tofauti ilikuwa moja tu: katika msaragambo mtu aliweza kukataa, na alipokubali alishiriki matunda. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 30, imepiga marufuku kazi ya kulazimishwa. Kwa hivyo mwanafunzi anapoambiwa kwamba asipokwenda kugawa maji mbioni jina lake litaandikwa, hiyo si huduma tena.

Hapa ndipo mwalimu ana dhima kubwa. Mtaala wa umilisi umeyapa mafunzo ya kuhudumia jamii nafasi yake, na hata kabla yake vijana wengi walijifunza kujitolea kupitia uskauti na mpango wa Tuzo ya Rais ulioanza nchini mwaka 1966. Haya ni mafunzo mema. Lakini mwalimu anapoletewa barua ya kuomba wanafunzi hamsini, asikimbilie kuandika orodha. Aulize kwanza: Nani atawafikisha saa kumi na moja alfajiri, na nani atawarejesha? Watakula nini? Akiumia mmoja, atatibiwa kwa gharama ya nani? Je, wazazi wametoa idhini? Na shule itapata nini? Mwandalizi mwaminifu atakuwa na majibu. Asiyekuwa nayo na aambiwe arudi akajipange.

Nanyi wanafunzi, msije mkadhani kwamba makala haya yanawaita mkatae kutumika. Kijana anayesimamia kituo cha maji hujifunza kupanga kazi, kuamuru kwa adabu na kutulia watu wanapokuwa na pupa. Masomo hayo hayapatikani ubaoni. Ila ahadi ni deni kwa pande zote mbili. Wapo vijana wanaojiandikisha, wakapokea fulana, kisha wakatoweka kabla mkimbiaji wa kwanza hajapita. Mwenye tabia hiyo hana msingi wa kudai haki, na aibu yake huwaangukia wenzake waliobaki jua likiwachoma.

Ama kwa waandalizi na wadhamini, ombi langu si la gharama kubwa. Tengeni kwa kila anayejitolea nauli na mlo katika bajeti ya kwanza, si katika mabaki. Toeni mchango kwa maktaba au timu ya riadha ya shule iliyowatolea vijana. Wapeni waliohudumu vizuri nafasi ya kukimbia mwaka unaofuata bila ada. Na matokeo yanapochapishwa, wekeni chini ya majina ya washindi orodha ya shule, vyuo na vikundi vilivyosimama barabarani. Wino wa mistari michache hauwezi kumfilisi mtu.

Nchi hii imewapa walimwengu wakimbiaji hodari kuliko nchi nyingi zilizo tajiri kuliko sisi. Itakuwa sifa nyingine kubwa tukiwaonyesha pia namna ya kumtendea anayenyosha kikombe. Tusipofanya hivyo, vijana hawa watajifunza mapema kwamba fadhila ya punda ni mateke, na siku tutakapowaita tena hatutasikia mwitikio.