Tuzo ya Agronomu Itolewe Chini ya Mchikichi

PWANI YA ZIWA
Na Hamza Nzeyimana

Kila tarehe 6 Aprili Burundi humkumbuka Rais Cyprien Ntaryamira. Misa huombwa, mashada ya maua huwekwa, na redio hurudia habari za ndege iliyotunguliwa Kigali jioni ile ya mwaka 1994, yeye akiwa ndani pamoja na Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda. Husimuliwa habari za chama chake, za siku zake chache Ikulu na za wenzake walioangamia naye. Kazi aliyoisomea haitajwi sana.

Ntaryamira alikuwa agronomu. Mwaka 1972 alikimbilia Rwanda akiwa kijana wa miaka 17. Alisoma huko mpaka akapata shahada ya kilimo katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda mwaka 1982. Mwaka uliofuata akarudi nyumbani na kufanya kazi katika idara za kilimo. Melchior Ndadaye aliposhinda uchaguzi wa 1993 alimkabidhi wizara ya kilimo na mifugo. Aliapishwa kuwa rais tarehe 5 Februari 1994, na miezi miwili baadaye akafa. Heshima yote tunampa kwa ajili ya kiti alichokikalia siku 60 na kwa namna alivyouawa. Fani aliyoihangaikia ujana wake wote tumeiacha kando.

Taifa lina haki ya kumlilia rais wake, na hilo silibishii. Ila desturi hiyo ya kuenzi kiti na kuacha kazi ndiyo inayonipa wasiwasi kila vyuo vya kilimo vinapotaka kuwatuza wahitimu wao waliofanikiwa. Chanda chema huvikwa pete, sawa. Lakini nani anayekikagua chanda chenyewe? Orodha za namna hii huandikwa ofisini, na ofisi huona ofisi: waziri wa zamani, mkurugenzi, mwakilishi wa shirika la kimataifa, mfanyabiashara mwenye gari la vioo vyeusi. Mhitimu huonekana amefaulu kwa kadiri alivyokwenda mbali na jembe. Kijana aliyebaki na matope miguuni, akikagua miche ya watu asubuhi hadi jioni, huhesabiwa kuwa maisha yamemshinda.

Njooni basi Rumonge, tumkague huyo aliyeshindwa.

Hapa Imbo ya kusini, uwanda wa kando ya ziwa, mchikichi ndio benki, ndio karo ya shule, ndio mahari. Mawese ya Rumonge yanapanda barabara ya ziwa kwenda Bujumbura, mengine jikoni, mengine kwenye viwanda vya sabuni kama SAVONOR. Na mashamba yenyewe yana historia nzito. Vurugu za 1972 zilianzia kwenye pwani hii, tarehe 29 Aprili, Rumonge na Nyanza-Lac. Maelfu walivuka kwenda Tanzania, wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na ardhi yao ikapewa watu wengine. Waliporudi miaka ya 2000 walikuta michikichi ina mwenyewe. Tume ya ardhi, CNTB, iliundwa mwaka 2006, na mashamba mengi yakakatwa nusu kwa nusu kati ya aliyerudi na aliyekuwepo. Familia iliyobaki na nusu ya shamba haiwezi kuongeza ardhi. Inachoweza kuongeza ni mafuta yanayotoka katika kila mti, na hapo ndipo elimu ya kilimo inapoingia.

Chukua chikichi moja uikate kwa kisu katikati. Ukikuta kokwa yenye gamba nene lililozungukwa na nyama nyembamba, hiyo ni dura, michikichi ya babu zetu. Gamba likiwa jembamba na nyama ikawa nene, hiyo ni tenera. Ukikuta kokwa haina gamba kabisa, umeshika pisifera, na una bahati kuiona, maana mti wake hustawi ukapendeza macho huku mikungu yake mingi ikioza kabla ya kuiva. Siri yao ilifumbuliwa ng'ambo ya ziwa na mbali zaidi, katika kituo cha utafiti cha Yangambi huko Kongo. Mwaka 1941, Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kwamba tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Mafuta ya tenera huzidi ya dura kwa takribani asilimia 30 katika mkungu wa uzito uleule.

Sasa fikiria mkulima aliyesikia sifa za tenera, akaokota mbegu zilizodondoka chini ya tenera za jirani, akasia miche yake mwenyewe asilipe faranga. Hata tenera hizo zikiwa zimechavushana zenyewe kwa zenyewe, katika kila miche minne, kwa wastani mmoja utakuwa dura, miwili tenera na mmoja pisifera. Robo ya shamba itampa mafuta ya babu yake, na robo nyingine itampa kivuli. Na hatalijua hilo mapema. Mche hukaa kitaluni karibu mwaka mzima, kisha shambani unangojewa miaka kama mitatu ndipo mikungu ya kwanza itokee. Aliyemdanganya, au aliyenyamaza tu, atakuwa ameshahama na fedha zimekwisha. Mti ukishazaa, ni kuishi nao miaka 20 na zaidi.

Kwa hiyo agronomu anayesimama kwenye kitalu na kumwambia mkulima, "Mzee, hizi usipande, ngoja mbegu za kituo," anatenda jambo kubwa ambalo halina picha. Siku hiyo anachukiwa. Miaka minne baadaye, mkulima anapojaza bidoni nyingi kuliko jirani, agronomu ameshapata uhamisho kwenda Ruyigi au Cankuzo. Hakuna aliyeandika jina lake popote.

Wenzake wa milimani wana shida kubwa zaidi. Kutoka Rumonge kwenda Bujumbura, kule Gitaza, milima ya Mumirwa inashuka kwa mteremko mkali hadi ukingoni mwa maji, na mvua za masika huteremsha udongo, mawe na nyumba za watu. Kazi ya mtaalamu huko ni mitaro ya kukinga maji, mabingobingo kwenye kingo zake na miti juu ya kilele. Akiifanya vizuri, matokeo yake ni barabara ambayo haikukatika na tope ambalo halikufika kwenye mazalia ya ndagala. Utampaje mtu cheti kwa maafa yasiyotokea? Inawezekana, ila mpaka umuulize anayekaa chini ya kilima hicho.

Wapo waliokwisha kuonyesha njia. Gebisa Ejeta wa Ethiopia alianzia shule ya ufundi wa kilimo ya Jimma, akaendelea na chuo cha Alemaya. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa sababu ya mtama unaostahimili ukame na kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi. Mwaka 2016 tuzo hiyohiyo ilimfikia Robert Mwanga wa Uganda, mhitimu wa Makerere, pamoja na wenzake watatu, na kazi yake ilikuwa viazi vitamu vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A. Hakuna aliyeuliza wamefikia cheo gani. Kilichoulizwa ni kitu gani kimo shambani leo ambacho bila wao kisingekuwepo.

Majirani zetu wa Kigoma nao wameamka. Mwaka 2018 aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanzania, Kassim Majaliwa, alianzisha kampeni ya kufufua zao la chikichi, na kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa jukumu la kuzalisha mbegu za tenera. Kigoma pia kuna hadithi inayopendwa mno, na huku kwetu imevuka, kwamba Malaysia walichukua mbegu kwetu wakatajirika. Mbegu za kwanza za Asia zilitoka Afrika kweli, lakini ukoo wa michikichi ya Malaysia unaanzia kwenye miche minne iliyopandwa Bogor, katika kisiwa cha Java, mwaka 1848. Miche minne tu! Mengine yote yalifanywa na watu wenye elimu ya kilimo waliopewa muda na vifaa. Miaka ya 1960 walihamia tenera. Mwaka 1981 wakamleta kutoka Kamerun mdudu mdogo anayechavusha maua ya mchikichi, baada ya mtafiti mmoja, Rahman Syed, kugundua kwamba mdudu huyo ndiye anayekosekana. Kabla yake walikuwa wakilipa vibarua kuchavusha kwa mkono. Tukiacha kulilia mbegu na kuanza kuwaenzi watu wa aina hiyo, tutakuwa tumejifunza jambo kutoka Malaysia.

Najua nitakayojibiwa. Kwanza, kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ni kweli, kama sifa zinamwendea mgema. Zikilenga tembo lenyewe, likaonjwa mbele ya watu kila mwaka, maji yatajulikana. Pili, kwamba hata wakubwa walioko maofisini wana mchango, maana bila bajeti hakuna mbegu. Nakubali, na mkurugenzi aliyeleta mbegu bora hadi Rumonge naye aingie kwenye orodha. Aingie kwa mbegu hizo, si kwa kiti.

Kwa hiyo, kwa FABI, kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Burundi, kwa shule za ufundi wa kilimo tunazoziita ITAB, na kwa ISABU, ambayo tangu 1962 inabeba utafiti wa kilimo wa nchi hii, nina mapendekezo matatu. La kwanza, majina yatoke kwa wakulima. Vyama vya wazalishaji wa mawese, wavuvi na wafugaji waulizwe swali moja: mtaalamu gani alikuja kwenu, na alibadilisha nini ambacho mnaweza kutuonyesha kwa kidole? Na wanawake waulizwe peke yao, kwa kuwa wao ndio wanaobeba mikungu, wanaochemsha na kukamua, ilhali mwanamume ndiye anayejibu maswali ya wageni. La pili, tuzo isitolewe kabla ya miaka kumi tangu kazi kufanyika. Tarehe 1 Mei tumezoea kugawa vyeti vya mfanyakazi bora wa mwaka, na ofisini mwaka unatosha. Kwa mchikichi mwaka mmoja ni umri wa kitaluni. La tatu, wahesabiwe pia wahitimu ambao serikali haikuwaajiri, wakajifungulia vitalu vyao kando ya barabara. Muuza miche anayekataa kuuza mbegu za kuokota, wakati mteja ameshashika pesa mkononi, amefaulu mtihani mgumu kuliko wowote wa darasani.

Na sherehe yenyewe isifanyike kwenye ukumbi wa hoteli Bujumbura. Ifanyike shambani, kisu kikiwepo, matunda yakatwe mbele ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho, na mwenye shamba aseme mwenyewe anapata bidoni ngapi na zamani alikuwa akipata ngapi. Gharama zake ni ndogo kuliko za chakula cha jioni cha wageni waalikwa.

Vyuo vitapata hofu, na hofu hiyo naielewa. Mkulima akipewa nafasi ya kusema nani alimsaidia, atasema pia nani alimharibia: ni mbegu zipi alizouziwa zikazaa kivuli, ni mtaalamu yupi alifika na daftari la mahudhurio akaondoka bila kufika shambani. Majina mengine yatatoka kwenye chuo kilekile kinachotoa tuzo. Yaandikwe hayo pia, yapelekwe kwa walimu kabla muhula mwingine haujaanza.