Analipa kuvua, kisha anamwachia samaki: wageni wa msimu wa kaskazi wanatafuta nini?

Kaskazi ikishatulia, boti nyeupe zenye fimbo ndefu pande zote mbili huanza kuonekana kila alfajiri zikitoka Malindi, Watamu, Kilifi, Mtwapa, Diani na Shimoni. Ndani mna wageni wawili au wanne, nahodha, na mabaharia wawili. Wanavuka mwamba, wanaingia maji ya buluu, na wanarambaza chambo kutwa nzima. Wakirudi alasiri, mara nyingi samaki mkubwa kuliko wote waliyemnasa hayumo botini. Wamemwachia.

Kwa wasikilizaji wetu wa bara hili ni jambo la kuchekesha. Mtu apande ndege kutoka Ulaya, alipe fedha nyingi, apigane na samaki hadi mikono itetemeke, halafu amrudishe majini? Kwa wasikilizaji wetu wa pwani halichekeshi sana. Wao wanauliza kwa nini boti zile zinakwenda kwenye samaki wakati wao wanarudi na nusu ndoo. Tumeona tulieleze suala hili kwa utaratibu, maana ndani yake mna ajira za vijana, mna sheria, na mna swali la zamani la samaki wa baharini ni wa nani.

Kalenda ni ya upepo

Anayepanga safari ya aina hii huanza na kalenda kabla ya hoteli, na kalenda yenyewe ni ileile aliyoitumia nahodha wa jahazi. Kuanzia Aprili kusi hupanda, bahari inachafuka, mvua za masika zinanyesha. Boti nyingi za kitalii hupandishwa nchi kavu, zikapakwa rangi na kufanyiwa matengenezo. Agosti hadi Oktoba, bahari inapoanza kulainika, ndipo jodari wa mapezi ya njano hufuatwa. Sulisuli huja kwa wingi kuelekea mwisho wa mwaka. Kisha, Desemba hadi Machi, ni zamu ya nduaro, ambao watalii huwaita malini: mweusi, wa buluu na wa mistari. Majina haya hayafanani kila kijiji. Kuna wanaowaita wote sulisuli, na hatutagombana nao.

Kwa nini samaki hawa waje wakati huo? Wakati wa kaskazi mkondo wa bahari unaotoka Somalia hugeuka na kushuka kusini. Unakutana na mkondo wa pwani yetu unaopanda kutoka upande wa Tanzania, na yote miwili inasukumwa kuelekea bahari kuu karibu na pwani ya kaskazini ya Kenya. Hapo maji baridi ya chini hupanda juu yakiwa na rutuba. Rutuba inalisha vijimea vidogo, vijimea vinalisha dagaa, dagaa wanalisha jodari, na nduaro anakuja kuwala wote. Mkulima ataelewa upesi: ni kama mto uliofurika na kuacha matope shambani. Ndiyo maana boti nyingine hulala baharini usiku mmoja au miwili kwenye vilima vya chini ya maji vilivyo mbali na Malindi na Lamu, badala ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Kusini, sifa zote ni za mlangobahari wa Pemba. Kati ya Shimoni na kisiwa cha Pemba bahari hushuka ghafla hadi mamia ya mita, na samaki wa maji ya kina wanapita karibu na nchi kavu. Mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway alivua Malindi mwaka 1934. Alirudi mwaka 1954 na kufikia kambi ya uvuvi ya Shimoni, akiwa ameumia kwa ajali mbili za ndege zilizomkuta Uganda ndani ya siku mbili. Hata hapo hakupumzika: moto wa msituni ulizuka karibu na kambi, akaenda kusaidia kuuzima, akaungua. Hadi leo kuna wageni wanaokuja wakitaja jina lake, ingawa kitabu chake mashuhuri cha mvuvi mzee kinahusu Cuba, si Kenya.

Fedha inakwenda wapi?

Kukodi boti kubwa kwa siku nzima hugharimu mamia ya dola, na boti za hali ya juu hupita elfu. Hiyo ni kabla ya ndege, hoteli na leseni ya uvuvi wa burudani. Sehemu kubwa ya fedha hiyo humezwa na mafuta, kwa kuwa injini mbili haziachi kunguruma kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tisa au kumi alasiri. Nyingine inakwenda kwenye matengenezo. Mashine za kukunjia uzi peke yake zina bei inayoweza kumnunulia mtu ng'ombe.

Wanaobaki na kitu kijijini ni mabaharia, manahodha, mafundi wa injini, wauza chambo na wapishi. Manahodha wengi wa boti hizi ni wenyeji, watoto wa wavuvi waliojifunza kusoma maji kabla ya kujifunza kusoma kitabu. Wao ndio wanaojua ndege wakizunguka mahali kuna nini chini yake. Mgeni anaweza kuwa na fimbo ya bei ghali, lakini bila jicho la nahodha atarambaza kutwa nzima na kurudi na ngozi iliyoungua tu. Tatizo la kazi hii ni kwamba inafuata upepo na habari. Kusi ikiingia, mishahara ya wengi inakatika. Ikitangazwa taarifa ya kutisha kuhusu usalama au ugonjwa, wageni wanahairisha safari, na baharia anarudi kwenye ngalawa.

Halafu kuna suala la samaki wanaoliwa. Jodari, nguru na faulusi hawaachiwi mara zote. Desturi kwenye boti nyingi ni kwamba samaki ni mali ya boti: mgeni anapewa kipande cha chakula chake cha jioni, waliobaki wanauzwa. Hapa ndipo wavuvi wa kawaida wanapolalamika, na malalamiko yao yana msingi. Boti inayolipiwa mafuta na mtalii inaweza kuuza nguru kwa bei ambayo mvuvi aliyejinunulia petroli hawezi kuifuata. Si boti nyingi kiasi cha kumaliza samaki baharini, lakini kwenye soko la kijiji kimoja samaki ishirini wa ziada wanashusha bei ya siku hiyo. Tunadhani hili linaweza kuzungumzwa kwenye vikao vya BMU, vikundi vya usimamizi wa fukwe, kabla halijawa ugomvi ufukweni.

Kwa nini anamwachia?

Zamani hakuachiwa. Picha za miaka ya nyuma zinaonyesha nduaro wametundikwa kichwa chini, mvuvi amesimama kando. Mabadiliko yalikuja wenye boti wenyewe walipoona kwamba samaki aliyekufa huvuliwa mara moja, na aliye hai anaweza kumleta mgeni mwingine mwakani. Tangu mwaka 1990 shirika la African Billfish Foundation lenye makao Watamu limekuwa likiendesha kazi ya kuwawekea samaki hawa utepe mwembamba wenye namba kabla ya kuwaachia. Namba hiyo huandikwa pamoja na mahali, tarehe na makadirio ya uzito. Akinaswa tena, mahali popote kwenye Bahari ya Hindi, wanasayansi wanajua alisafiri umbali gani na alikua kiasi gani.

Kuna jambo moja kuhusu nduaro ambalo watu wengi hawalijui. Wale wakubwa sana wa aina nyeusi na ya buluu ni majike. Dume ni nadra kupita kilo 150 hivi, ilhali jike anaweza kufika mara mbili, mara tatu ya hapo na zaidi, na hubeba mayai kwa mamilioni. Kwa hiyo anayemuua samaki mkubwa ili apige naye picha anamuua mama.

Kumwachia nako kuna ufundi wake. Ndoana ya mviringo hushika pembeni mwa mdomo, haimezwi hadi tumboni. Samaki habebwi kupandishwa botini. Uzito wake mwenyewe nje ya maji unaweza kumdhuru ndani. Anashikwa mdomo mrefu kando ya boti, utepe unachomekwa begani, na anakokotwa polepole maji yapite kwenye matamvua hadi apate nguvu. Msikilizaji anayefikiria kazi ya ubaharia ajue kwamba mgeni makini huuliza mambo haya kabla ya kulipa. Huuliza pia kuhusu leseni, majaketi ya kuokolea na redio ya mawasiliano. Na ataulizwa atakapovua, maana ndani ya hifadhi za taifa za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, uvuvi wa aina yoyote hauruhusiwi. Upande wa Tanzania, Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya mwaka 1995, imegawanywa maeneo, na kila eneo lina masharti yake.

Mvuvi wa jarife na meli za mbali

Sasa tumgeukie anayemvua samaki huyuhuyu kwa ajili ya sufuria. Sulisuli akinasa kwenye jarife la mvuvi wa Malindi au wa Unguja, ni ada ya shule na ni kitoweo cha nyumba kadhaa. Kumwambia mtu huyo amwachie kwa sababu mgeni anapenda kumwona akiruka ni kumtukana. Hatujasikia sheria inayomtaka afanye hivyo, na hatuoni kwa nini iwepo kabla ya kuwatazama wavuvi wakubwa zaidi yake.

Wavuvi hao ni meli za bahari kuu, zile ambazo kutoka ufukweni hazionekani. Nyingine huachia kamba ndefu zenye maelfu ya ndoana. Nyingine huzungushia nyavu makundi ya jodari yaliyokusanyika chini ya maboya yaliyoachwa yaelee. Mwaka 2015 Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Shelisheli, ilipokea taarifa ya wanasayansi wake kwamba jodari wa mapezi ya njano amevuliwa kupita kiasi. Tathmini ya mwaka 2024 ilileta habari ya nafuu kwa jodari huyo. Nduaro wa mistari, ambaye ndiye fahari ya Shimoni, bado hakupata habari kama hiyo. Taarifa za tume zimekuwa zikimtaja kuwa katika hali mbaya, na wengi wa jamii yake hufa bila kukusudiwa, wakiwa wamenaswa na kamba au nyavu zilizotegewa samaki wengine.

Tume hiyo ilikutana Mombasa Februari 2023 na kupitisha kwa kura azimio la kusimamisha matumizi ya maboya hayo kwa siku 72 kila mwaka. Wanachama kadhaa, ukiwemo Umoja wa Ulaya ambao una meli kubwa kwenye maji haya, waliwasilisha pingamizi, na azimio likakosa nguvu. Tunalikumbusha hili kwa sababu mjadala wa ufukweni mara nyingi huwagombanisha mvuvi wa jarife na nahodha wa boti ya kitalii, ilhali wote wawili wanaishi kwa mabaki ya samaki waliopita mikononi mwa wengine. Kwenye mambo haya wana kila sababu ya kukaa upande mmoja wa meza.

Ukimpata mwenye utepe

Mvuvi yeyote wa pwani anaweza kukuta sulisuli, nduaro au jodari mwenye utepe wa plastiki karibu na pezi la mgongo. Samaki ni wako, hakuna atakayekunyang'anya. Kata utepe bila kuharibu maandishi, piga picha kwa simu namba ionekane, na uandike tarehe na mahali ulipomvua. Mpime kutoka ncha ya taya ya chini hadi kwenye panda ya mkia. Mdomo mrefu wa juu usiuhesabu, kwa kuwa mara nyingi huvunjika. Kisha peleka utepe na maelezo hayo kwa ofisa wa uvuvi wa eneo lako au kwa mwenyekiti wa BMU. Kama kuna nahodha wa boti ya kitalii karibu, mwonyeshe na yeye pia: huenda ndiye aliyeuchomeka.