Ngozi ya samaki si takataka

Ukoloni ulipoondoka ulituachia kasumba moja iliyo sugu: kuamini kwamba dawa haiwi dawa mpaka ishushwe bandarini. Mwananchi akiungua moto Mwanza, hatua chache kutoka ziwani, hufungwa shashi inayobanduliwa na kubandikwa tena kwa uchungu usiosemeka. Viwanda vya minofu navyo vinabandua ngozi ya sangara kana kwamba ni uchafu. Mapanki tumeachiwa sisi tukaange. Mabondo yanakaushwa na kupelekwa Hong Kong na China, na faida ya kuyatengeneza inabaki huko.

Wenzetu wa Brazili wametuaibisha. Sato ni samaki wa Afrika; aliingizwa katika jimbo la Ceará mwaka 1971 kutoka Ivory Coast. Katika miaka ya 2010, madaktari wa mji wa Fortaleza waliichukua ngozi yake, wakaisafisha kwa dawa, wakaitakasa kwa mionzi, kisha wakaibandika juu ya majeraha ya moto. Ngozi hiyo ina kolajeni nyingi na huhifadhi unyevu. Hukaa juu ya jeraha siku kadhaa bila kubanduliwa, na maumivu ya mgonjwa hupungua. (Asije mtu akabandika ngozi mbichi ya sokoni, hiyo ni sumu kwa kidonda.) Huko Aislandi, kampuni ya Kerecis, inayotibu vidonda kwa ngozi ya samaki wa bahari ya baridi, ilinunuliwa mwaka 2023 kwa bei iliyoweza kufikia dola bilioni 1.3. Takataka gani hiyo?

Watajitokeza mabwana wakubwa waseme kwamba mionzi ni utaalamu wa mataifa makubwa. Huo ni uongo. Mbung'o wa Unguja walitokomezwa, ikathibitishwa mwaka 1997, kwa kutumia madume yaliyozalishwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi ya gama. Nchi iliyofanya hivyo kwa nzi itashindwaje kutakasa kipande cha ngozi?

Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi iliundwa kwa sheria ya mwaka 1980. Muhimbili ipo, Bugando ipo. Wataalamu wao waketishwe pamoja, wapewe fedha, waanze na sato ambaye amekwisha kujaribiwa, kisha wamchunguze sangara. Na kila mwenye kiwanda cha minofu aulizwe, kabla leseni yake haijapigwa muhuri, ngozi anazipeleka wapi.