Vijana wa Mbololo Wasaidiwe Kuzifikia Kazi

Mhariri,

Mbuga za Tsavo zimechukua takriban asilimia 62 ya Kaunti ya Taita Taveta, Kenya, na hapa Mbololo mvua ikikosa au ndovu wakivamia shamba, familia hutegemea vibarua. Ndiyo maana naunga mkono mashirika ya kijamii yanayowatafutia wanyonge ajira. Wapo wanaosema mashirika hayo hayaundi kazi, yanagawa tu zilizopo. Ni kweli, lakini dhuluma iko papo hapo kwenye mgao: asiye na nauli ya kufika Voi, ada ya cheti cha tabia njema wala pesa za saiba ya kujazia fomu hushindwa kabla ya usaili. Hata kwenye zabuni ni vivyo hivyo: tangu 2013 serikali imetengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni za umma. Bila wa kuwaelekeza kusajili biashara na kupata cheti cha ushuru, nafasi hiyo huishia kwa wajanja.

Hofu ya upendeleo katika mashirika hayo ina msingi. Basi nafasi zote na vigezo vyake vibandikwe kwa chifu, hadharani. Naiomba kaunti igharamie chumba kimoja chenye intaneti Mbololo, na wafadhili walipe nauli za usaili.

Msomaji,
Mbololo, Voi