Mwezi wa Kuazima

Tumechoshwa na picha za mandhari zenye mwezi wa kuazima. Mchoraji huuchora mlima Wanale, akatundika juu yake hilali iliyosimama wima, kisha akatuambia kuwa hiyo ni jioni ya Mbale. Jioni ya wapi? Wanale uko mashariki ya mji, na mwezi mwandamo huonekana magharibi. Uchomozao jioni nyuma ya Wanale ni mwezi mpevu. Tena huku kwetu, karibu na ikweta, hilali hulala chali kama mtumbwi. Aliye Jinja, ukingo wa mashariki wa Nile, huiona hivyo ng'ambo ya mto, jua likiisha kutua.

Wako watakaotujibu kwamba mwezi wa picha ni ishara tu, ya upweke au huzuni. Caspar David Friedrich, Mjerumani, alipowachora watu wawili wakiutazama mwezi mchanga, mnamo 1819 na 1820, alichora anga la kwao. Sisi lugha yetu imetupa ishara nzito zaidi: mwezi ni taa, na mwezi ni siku 29 au 30. Huanzisha saumu, huhesabu mimba, hata kodi ya nyumba hudai. Basi walimu wenzetu, mwanafunzi akileta picha yake, tumwulize: mwezi wako huu ni wa siku ya ngapi?